Mohenjo-daro: mji uliopangwa kwa kufuata maji

Karibu kila maelezo mafupi kuhusu miji ya kale ya bonde la Mto Indus huanza na mitaa. Unaambiwa kwamba zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, katika nchi ambayo leo ni Pakistani na kaskazini-magharibi mwa India, watu walijenga miji yenye barabara zilizonyooka na zinazokatana kwa pembe mraba. Picha hiyo inavutia na ina ukweli ndani yake, ila inaficha jambo kubwa zaidi. Ichukue ramani ya Mohenjo-daro, mji wa Indus uliochimbwa kwa upana kuliko wowote, uitazame taratibu. Utaona barabara kuu chache zikielekea kaskazini-kusini na mashariki-magharibi. Katikati yake kuna vichochoro vinavyopinda, vinavyokata kona ghafla na vingine vinavyoishia ukutani. Kunyoosha mitaa hakukuwa shabaha. Kwa jinsi ninavyousoma ushahidi, kilichowashughulisha wajenzi wale kilikuwa maji: yasiuvamie mji kutoka mtoni, yapatikane nyumbani, na yakishatumika yatoke. Ukiufuata mji kwa njia hiyo, mambo mengi yanayoonekana mafumbo yanaeleweka.

Ustaarabu huu ulistawi kati ya mwaka 2600 na 1900 KK hivi, wakati mmoja na mafarao waliojenga mapiramidi ya Giza na wafalme wa Ur kule Mesopotamia. Makazi yake yanayojulikana yanazidi 1,000, mengi yakiwa vijiji na miji midogo. Miji mikubwa ni michache: Mohenjo-daro katika jimbo la Sindh, Harappa katika Punjab ya Pakistani, Ganweriwala katika jangwa la Cholistan, Rakhigarhi katika jimbo la Haryana na Dholavira katika Gujarat. Mohenjo-daro peke yake inakadiriwa kuwa na wakazi 40,000 hivi. Walikuwa na maandishi, lakini hadi leo hakuna aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo hatuna hata sentensi moja ya mjenzi wala mtawala wao. Ushahidi wetu ni kuta, visima na mitaro.

Wanaakiolojia wenyewe walichelewa kuutambua. Harappa ilianza kuchimbwa na Daya Ram Sahni mwaka 1921, na mwaka uliofuata R. D. Banerji akaanza Mohenjo-daro, alikovutwa na stupa, yaani jengo la ibada la Wabudha, iliyosimama juu ya kilima. Mwaka 1924 John Marshall, aliyekuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale ya India, ndipo alipoutangazia ulimwengu kwamba matofali yaliyo chini ya stupa ile ni ya zama za kale kuliko mtu yeyote alivyodhani. Harappa ilikuwa imekwisha kuumizwa. Katika miaka ya 1850 wakandarasi wa reli ya Lahore hadi Multan waliyachukua matofali yake kwa wingi kuwa kokoto ya kulaza reli. Ndiyo sababu anayetaka kuelewa ujenzi wa Indus huenda kwanza Mohenjo-daro, ambako kuta bado zimesimama.

Turudi chini, kwenye msingi. Mohenjo-daro iko katika uwanda wa mafuriko, karibu na mto unaofura kila mwaka theluji ya milimani inapoyeyuka na mvua za monsuni zinaponyesha. Hapakuwa na mwinuko wa asili wa kutosha. Wajenzi wakajitengenezea mwinuko: majukwaa makubwa ya udongo wa kujaza, yaliyozuiwa na kuta nene za matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Jukwaa la magharibi lina urefu wa mita 400 hivi na upana wa mita 200. Mashariki yake ndiko ulikotandaa mji wa chini, mkubwa mara kadhaa zaidi, nao pia haukuachwa ukae juu ya ardhi tupu. Wachimbaji wa kwanza waliliita jukwaa la magharibi ngome, jina ambalo limepotosha wengi, kwa sababu linamfanya msomaji afikirie majeshi na mazingiwa. Watafiti wengi sasa wanaona kwamba kazi ya kwanza ya kuta zile ilikuwa kushikilia udongo na kuyazuia mafuriko.

Hapo ndipo neno mpango linapopata maana. Familia moja yaweza kujijengea nyumba, na majirani kumi wakajijengea kichochoro chao bila kuuliza mtu. Lakini jukwaa la kubeba mtaa mzima haliwezi kuongezwa chini ya nyumba zilizokwisha kusimama. Lazima mtu, au baraza la watu, aamue kabla: mji utaanzia hapa, utainuka kiasi hiki, barabara kubwa itapita huku. Tabaka za chini kabisa za mji leo zimezama chini ya usawa wa maji ya ardhini, hivyo hazijachimbwa. Hata hivyo, kwa yaliyofunuliwa, inaonekana kwamba mji huu haukukua kidogo kidogo kutoka kijiji. Ulianza kwa kazi kubwa iliyofanywa kwa pamoja.

Halafu likaja tofali, na hapa naomba tukae kidogo.

Tofali la kawaida la kuchoma la nyumba za Mohenjo-daro lina unene wa sentimita 7 hivi, upana 14 na urefu 28. Matofali makubwa ya majukwaa na kuta za mji ni kama 10 kwa 20 kwa 40. Vipimo vinatofautiana, uwiano ni uleule: 1 kwa 2 kwa 4. Upana ni mara mbili ya unene, urefu ni mara mbili ya upana. Uwiano huo unaupata Mohenjo-daro, unaupata Harappa iliyo zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, na unaupata katika makazi madogo ambayo hayafiki hadhi ya mji.

Watu hueleza ulinganifu huo kana kwamba ni amri ya serikali tu. Mwashi angeona faida yake mara moja. Tuseme unapandisha ukuta wenye unene wa tofali moja zima. Kozi, yaani safu, ya kwanza unalaza matofali yakifuata urefu wa ukuta, mawili sambamba. Kozi ya pili unayageuza yakate ukuta kutoka uso hadi uso. Kwa kuwa urefu wa tofali ni sawasawa na upana wa mawili, pande zote zinalingana bila kukata wala kujaza vipande, na maungio ya kozi ya juu hayaangukii juu ya maungio ya kozi ya chini. Ufa ukianza, unakutana na tofali zima na kusimama. Ukilisimamisha tofali kwa ubavu, kama walivyofanya penye sakafu za maji, bado hesabu inakubali. Kule Kalibangan, Rajasthan, tabaka za kale zaidi zina matofali ya uwiano wa 1 kwa 2 kwa 3, ambayo hayafungani namna hiyo: mawili yaliyokatiza ukuta hayalingani na moja lililolala. Baadaye mji huohuo ukahamia uwiano wa 1:2:4. Naona hapo mafundi waliojifunza kwa mikono, vizazi kwa vizazi, mpaka wakafika kwenye umbo lisilohitaji kurekebishwa.

Ufungaji huo ndio ulioshikilia kuta, kwa sababu udongo wa kuungia ulikuwa tope tu mahali pengi. Jasi waliitumia penye maji. Ukuta uliojengwa kwa tope na bado ukasimama baada ya miaka 4,000 umeshikwa na mpangilio wa matofali yake.

Kuchoma matofali ni gharama. Fundi yeyote aliyewahi kuwasha tanuri kule Mbeya au Iringa anajua kuni zinavyoliwa. Kwa hiyo inafaa kuuliza yalichomwa kwa ajili gani, na jibu linarudi palepale kwenye maji. Kalibangan nyumba nyingi zilijengwa kwa matofali mabichi, na ya kuchoma yakawekwa kwenye visima, mitaro na sehemu za kuogea. Katika miji mingine mingi ilikuwa hivyohivyo: tofali bichi kwa ukuta mkavu, la kuchoma panapolowa. Mohenjo-daro ndiyo iliyotumia matofali ya kuchoma karibu kila mahali, ikiwa katika uwanda ambako unyevu hauko mbali kamwe.

Nyumba nazo zina mantiki yake. Chache sana zilifungua mlango kwenye barabara kuu. Unaingilia kichochoroni, unapita ujia mfupi uliopindishwa ili mpita njia asione ndani, halafu unatokea uani. Vyumba vinauzunguka ua na kupata mwanga na hewa kutoka hapo. Nyingi zina ngazi za matofali, dalili ya ghorofa au ya paa lililotumika. Nyumba ndogo ina vyumba viwili, kubwa ina vyumba vingi na ua zaidi ya mmoja.

Tafuta chumba kidogo kilichoegemea ukuta wa nje, upande wa mtaani. Sakafu yake ni ya matofali yaliyochaguliwa, kingo zake zimesagwa na kunyooshwa hadi yanakaribiana kiasi kwamba huwezi kupenyeza kisu. Pembeni kuna ukingo wa kuzuia maji yasimwagike chumba cha pili. Sakafu imelalia upande mmoja, kuelekea tundu lililopita katika ukuta. Hicho ni chumba cha kuogea, na kilikuwamo katika nyumba nyingi mno, kubwa na ndogo. Hakiwezi kuwekwa katikati ya nyumba, kwa sababu maji yake lazima yatoke nje kwa njia fupi. Kwa maneno mengine, chumba cha kuogea kiliamuliwa na mtaro, na mpangilio wa vyumba vingine ukafuata.

Maji ya kuoga yalitoka kisimani, na visima vya Mohenjo-daro ni ajabu yake kubwa kuliko zote, japo havizungumzwi sana. Michael Jansen, msanifu majengo Mjerumani aliyeuchunguza mji huu kwa miaka mingi, alikadiria kwamba ulikuwa na visima vipatavyo 700. Vingine vilikuwa ndani ya nyumba za watu, vingine katika vyumba vilivyofunguka mtaani ili wapita njia wateke. Harappa, iliyo karibu na mto Ravi, ilikuwa na vichache zaidi kwa mbali.

Kujenga kisima cha mviringo kwa matofali ya mstatili kuna tatizo: ukiyapanga duara, nje yanaacha mapengo. Wao walifinyanga matofali maalumu, ncha moja nyembamba na nyingine pana. Ukiyapanga, ncha nyembamba zikielekea ndani, yanabanana yenyewe, na udongo wa nje unavyosukuma ndivyo mduara unavyozidi kukaza. Kisima cha namna hiyo hakiporomoki kirahisi hata katika ardhi ya mchanga iliyolowa. Kadiri nyumba zilivyobomoka na kujengwa upya juu ya vifusi vyake, usawa wa mtaa uliinuka, na kisima kikaongezwa kozi juu ya kozi ili mdomo wake usizame. Wachimbaji walipoondoa udongo wa karne hizo, visima vilibaki wima hewani juu ya mtaa wa zamani, vingine vikiwa virefu kuliko nyumba zilizovizunguka.

Sasa mitaro. Maji machafu yakipita tundu la ukutani, wakati mwingine kwa bomba la udongo wa kuchoma lililojengewa ndani ya ukuta, yaliangukia mtaro wa matofali uliopita kichochoroni. Mtaro wa kawaida ulikuwa na kina cha nusu mita hivi na mteremko mdogo. Penye kona ulipindwa taratibu ili maji yasigonge ukuta na kuacha tope. Juu ulifunikwa kwa matofali yaliyolazwa bila kuungwa, na penye upana mkubwa kwa vibao vya mawe, ili vifunuliwe wakati wa kusafisha. Kila baada ya hatua kadhaa palikuwa na shimo la kutulizia taka, kazi yake ni ileile ya chemba: kizito kinazama, maji yanaendelea. Kando ya baadhi ya mitaro wachimbaji walikuta vilima vidogo vya mchanga wa rangi ya kijani-kijivu. Ni uchafu uliokombwa na kuachwa pembeni. Nikisoma habari hiyo humwona mtu mwenye koleo, ambaye mji huu ulimtegemea kila mwezi na ambaye hatutajua aliitwa nani.

Lazima nisahihishe kitu kinachosemwa kupita kiasi. Si kweli kwamba kila nyumba ilikuwa na choo kilichounganishwa na mtaro wa mji. Vyoo vipo katika nyumba kadhaa, lakini nyingine nyingi zilimimina maji yake ndani ya mtungi mkubwa uliotobolewa kitako na kufukiwa mtaani, maji yakanywea ardhini na takataka zikabaki za kuzolewa. Mfumo ulikuwa mchanganyiko. Uzuri wake ni kwamba hata nyumba duni ilipewa mahali pa kumwagia maji yake, na mtaro wa kichochoro ulichukua ya tajiri na ya maskini pamoja.

Juu ya jukwaa la magharibi kuna Bafu Kuu, jengo ambalo wengi hulijua kwa picha. Ni bwawa la urefu wa mita 12 hivi, upana mita 7 na kina kinachofika mita 2.4, lenye ngazi upande wa kaskazini na wa kusini. Kufanya tofali lishike maji mengi namna hiyo bila saruji ni kazi ngumu, nao waliifanya kwa tabaka. Uso wa ndani ni matofali yaliyosimamishwa kwa ubavu na kubanwa kwa jasi. Nyuma yake wakapaka lami ya asili, unene wa sentimita mbili au tatu. Nyuma ya lami ukaja ukuta mwingine wa matofali wa kuishikilia isiteremke. Maji yaliletwa kutoka kisima kilichokuwa katika chumba cha jirani. Ya kutolewa yalipita pembeni kwenye mfereji mkubwa ambao mtu anaweza kusimama ndani yake. Paa la mfereji huo halina tao la kweli: kila kozi inatokeza kidogo kuliko ya chini yake, pande zote mbili, hadi zinakutana juu. Wengi huamini lilikuwa bwawa la ibada ya kujitakasa, na jinsi lilivyozungukwa na vyumba na nguzo kunaifanya dhana hiyo iwe na uzito.

Jirani yake kuna msingi mkubwa wa vitalu 27 vya matofali vilivyotenganishwa na vijia, ambao mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler mwaka 1950 aliueleza kuwa ghala la nafaka. Nafaka haikupatikana humo. Jina limeganda vitabuni, lakini msomaji asilichukulie kama jambo lililothibitishwa.

Nadharia ya maji inajaribiwa vizuri ukihama Mohenjo-daro. Dholavira iko katika kisiwa cha Khadir, katikati ya tambarare za chumvi za Kutch. Huko hakuna mto wa kudumu wa kufurika. Kuna vijito viwili vya msimu, Mansar na Manhar, vinavyokauka mvua ikikoma. Kama wajenzi wa Indus wangekuwa na ramani moja ya kunakili, tungeikuta hapo. Badala yake, R. S. Bisht na wenzake walioanza kuchimba mwaka 1990 walikuta mji tofauti: umejengwa kwa mawe zaidi, umezungushiwa kuta ndani ya kuta, na sehemu kubwa ya eneo lake imeachiwa mabirika ya kuhifadhi maji. Wenyeji walizuia vijito kwa mabwawa na kuelekeza maji yake kwenye mabirika hayo, mengine yamechongwa katika mwamba, moja likiwa na urefu wa zaidi ya mita 70 na ngazi za mawe za kushukia. Mohenjo-daro shida ilikuwa maji kuzidi, Dholavira shida ilikuwa maji kupungua, na kila mji ukapata umbo lake kutokana na shida yake. Uwiano wa vipimo ndio walioushiriki. Kalibangan, kwa mfano, upana wa mitaa unapanda kwa hatua sawa: mita 1.8, 3.6, 5.4 na 7.2. Mawe ya mizani yenye umbo la mchemraba nayo yanafuata viwango vilevile katika miji yote.

Basi nani alikuwa akisimamia? Mesopotamia tunajua: kuna majumba ya kifalme, mahekalu na maandishi ya wafalme wakijisifu kwa ujenzi. Indus hakuna jumba la kifalme lililotambuliwa bila ubishi, hakuna kaburi la mfalme lenye hazina, hakuna sanamu kubwa ya mtawala. Ile sanamu maarufu iitwayo Kuhani-Mfalme ina urefu wa sentimita 17.5 tu, na jina hilo ilipewa na wachimbaji. Wengine wanadhani palikuwa na mabaraza ya koo au ya wafanyabiashara, wengine wanaona watawala ambao hawakupenda kujionyesha. Mimi naegemea kwenye mabaraza, kwa sababu ya ushahidi mmoja wa kawaida sana: kwa karne kadhaa nyumba zilibomolewa na kujengwa tena juu ya mistari ileile, na karibu hakuna aliyesogeza ukuta wake kuingia barabarani. Amri ya mtu mmoja huchoka anapokufa. Hii ilidumu vizazi vingi, na mitaro ikaendelea kukombwa.

Kisha ikaacha kukombwa. Kuelekea mwaka 1900 KK nyumba kubwa zinagawanywa kuwa vijumba, kuta zinajengwa kwa matofali yaliyookotwa, tanuri za wafinyanzi zinawekwa ndani ya mitaa ya makazi, na mitaro inajaa tope bila kuzibuliwa. Sababu zinazotajwa ni kudhoofika kwa monsuni, mito kuhama au kukauka upande wa mto wa msimu uitwao Ghaggar-Hakra, na kukatika kwa biashara na Mesopotamia. Hakuna mji uliozimika siku moja. Watu walihamia mashariki na kusini, kwenye vijiji.

Maji ndiyo yanayoula mji huo hata leo, safari hii kwa njia ya chumvi. Usawa wa maji ya ardhini ulipanda, unyevu unapanda ndani ya matofali ukibeba chumvi, na unyevu unapokauka juani chumvi inaganda ndani ya tofali na kulipasua hadi linageuka vumbi. Uchimbaji mkubwa ulisimamishwa tangu 1965. Mji uliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1980, visima vya pampu vikachimbwa kuushusha usawa wa maji, na vibarua hupaka kuta tope lisilo na chumvi ili uharibifu uishie kwenye tope badala ya tofali. Mvua kubwa za Agosti 2022 zilibomoa baadhi ya kuta na kulimong'onyoa tope hilo la kinga. Wapo wataalamu wanaopendekeza sehemu zilizofunuliwa zifukiwe tena, kwa kuwa chini ya udongo matofali hayalowi na kukauka kwa zamu, na ndivyo yalivyodumu miaka 4,000 kabla ya kuchimbuliwa.